Mtaalamu wa nje serikalini: nafasi iandaliwe kwanza, mtu atafutwe baadaye

Kila serikali mpya inapoingia madarakani Afrika Mashariki, husikika rai ileile: chukueni watu waliothibitika kwenye mabenki, makampuni makubwa na mashirika ya kimataifa, wapeni wizara, na mambo yatanyooka. Rai yenyewe naiunga mkono. Shida ni kwamba mjadala huishia kwenye sifa za mtu: amesoma wapi, ameongoza kampuni gani, ana msimamo au hana. Nafasi anayokwenda kukalia haiulizwi. Ipo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa? Ina kasma yake, yaani mstari wake kwenye bajeti? Malipo anasaini nani? Akipishana na waziri, neno la mwisho ni la nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama mtaalamu atafanya kazi iliyomleta au atakaa ofisini akiandika mapendekezo yasiyofika popote.

Kesi yenye mafunzo mengi kwetu ni ya Kenya. Julai 1999 Rais Daniel arap Moi alimteua Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale na mhifadhi wa wanyamapori, kuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri na Mkuu wa Utumishi wa Umma. Wakaja pamoja naye watu kutoka nje ya serikali. Martin Oduor-Otieno alitoka Barclays akaenda Hazina, Titus Naikuni akatoka Magadi Soda akapewa Uchukuzi na Mawasiliano, Mwangazi Mwachofi akatoka Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, akawa Katibu wa Fedha, na Shem Migot-Adholla akatoka Benki ya Dunia yenyewe. Magazeti yakawaita Timu ya Ndoto. Kenya ilikuwa imekatiwa mikopo na Shirika la Fedha Duniani, IMF, tangu 1997, na kazi ya kwanza ya timu ilikuwa kuurudisha uhusiano huo. Waliifanya: Julai 2000 IMF iliidhinisha mkopo mpya wa takriban dola milioni 198. Idadi ya wizara nayo ilikuwa imepunguzwa kutoka 27 hadi 15.

Baada ya hapo mambo yakaanza kukwama. Desemba 2000 Mahakama Kuu iliamua kwamba mamlaka ya kupambana na rushwa iliyokuwa ikifanya kazi wakati huo, KACA, iliundwa kinyume cha Katiba, kwa sababu iliongozwa na jaji na ilipewa kazi ya kushtaki iliyokuwa ya Mwanasheria Mkuu. Mikopo ikasimama tena. Machi 2001 Leakey akaondoka, na wenzake kadhaa wa timu nao wakatolewa. Jumla ni miezi 20.

Wengi husimulia kisa hicho kama vita vya watu safi na watu wachafu. Mimi naona sababu kubwa zaidi ilikuwa ya kiutawala, na ushahidi ni Leakey mwenyewe, maana mtu huyohuyo alikuwa ameshika kazi nyingine ya umma miaka kumi kabla. Aprili 1989 alipewa idara ya wanyamapori. Wengi wanachokumbuka ni tani 12 za pembe za ndovu zilizochomwa Nairobi Julai mwaka huo. Kilichokuwa na uzito zaidi kilifuata: sheria ya wanyamapori ilirekebishwa, na 1990 idara ikageuzwa kuwa shirika, KWS, lenye bodi yake, orodha yake ya mishahara, na haki ya kubaki na mapato ya viingilio vya hifadhi badala ya kuyapeleka yote Hazina. Leakey aliondoka 1994 katikati ya mivutano mikali ya kisiasa, lakini shirika lilibaki na lipo hadi leo. Mwaka 1999 hapakuwa na sheria mpya, wala bodi, wala fungu la bajeti. Palikuwa na barua za uteuzi. Barua inaandikwa siku moja, na ya kuitengua inaandikwa siku moja vilevile.

Kalenda ya bajeti ndiyo inayopima muda wa mkataba

Waandaaji wengi wa mikataba hulisahau jambo hili, nami nitalikalia kidogo.

Mwaka wa fedha kwetu huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Timu ya 1999 iliingia Julai, bajeti ya mwaka huo ikiwa imeshasomwa Juni. Bajeti waliyoiandaa wao tangu mwanzo ni ya 2000/2001, iliyoanza kutumika Julai 2000. Machi 2001, miezi mitatu kabla mwaka huo haujaisha, walikuwa wameshaondoka. Kwa hiyo watu walioletwa kubadili uchumi hawakumaliza hata mzunguko mmoja wa bajeti iliyo yao kuanzia waraka wa kwanza hadi hesabu kufungwa.

Kalenda ya sasa ya Kenya imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Waraka wa maandalizi hutolewa kufikia 30 Agosti, taarifa ya sera ya bajeti yenye ukomo wa matumizi wa kila wizara hufika bungeni kufikia 15 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Sasa piga hesabu. Mtaalamu akiripoti kazini Machi 2026, ukomo wa 2026/27 umeshapangwa. Atashiriki kuanzia waraka wa Agosti 2026, na fedha alizoziombea yeye zitaanza kutoka Julai 2027. Ni miezi 16 ya kutumia mpango wa mwenzake. Akiripoti Agosti, anasubiri miezi 11 tu. Mkataba wa miaka 2 ulioanza Machi unampa miezi 8 ya bajeti iliyo yake, na miezi mitatu ya mwisho ataitumia akitafuta kazi nyingine.

Ndiyo maana nasema mkataba wa ngazi ya mkurugenzi au katibu usipungue miaka 3, na tangazo la kazi litolewe mapema mwaka unapoanza, Januari au Februari, ili mtu aripoti Julai au Agosti. Bajeti ya nyongeza isihesabiwe kuwa njia ya mkato. Katiba ya Kenya, ibara ya 223, inazuia matumizi ya nyongeza yasizidi asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa na Bunge kwa mwaka ule, na kila wizara inaigombania asilimia hiyohiyo. Kuhamisha fedha ndani ya fungu nako kuna mipaka. Fedha za mishahara haziruhusiwi kwenda kwenye matumizi mengine, wala za maendeleo haziruhusiwi kushuka kwenye matumizi ya kawaida. Mtu aliyezoea kampuni ambako mkurugenzi mtendaji anahamisha bajeti kwa barua pepe moja hulipata somo hili wiki ya pili, na kwa uchungu.

Kwenye manunuzi ni hivyohivyo. Nchini Kenya, baada ya wazabuni kujulishwa matokeo, mkataba hausainiwi mpaka siku 14 zipite. Mzabuni akilalamika kwenye bodi ya mapitio, bodi ina siku 21 za kuamua. Asiporidhika akaenda Mahakama Kuu, mahakama ina siku 45. Hapo bado hujahesabu muda wa kuandaa mahitaji, tangazo na tathmini. Na kitu kisichokuwamo kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka hakinunuliwi, hata fedha ziwepo. Mtaalamu wa TEHAMA anayeahidi mfumo mpya ndani ya siku 100 ama hajaelezwa haya, ama anajiandaa kuruka taratibu. Atakayeziruka atakutana na mkaguzi.

Sahihi ya fedha na jalada

Wizara inaendeshwa na afisa masuuli, yaani mtu mmoja anayewajibika binafsi kwa kila shilingi ya fungu lake na anayeitwa kujieleza mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Kwa kawaida ni Katibu Mkuu. Mtaalamu anayeletwa kama mshauri maalumu wa waziri, au kama mkuu wa kitengo maalumu kilichobandikwa pembeni ya muundo, hana mamlaka hayo. Kila safari, kila semina, hata ukarabati wa ofisi yake, unapita kwa mtu mwingine ambaye akisaini anabeba dhamana ya wazo lisilo lake. Msimlaumu afisa masuuli akichelewesha, maana sheria itamshika yeye.

Njia ni mbili tu. Mtaalamu mwenyewe ateuliwe kuwa afisa masuuli, kwa barua ya Mlipaji Mkuu wa Serikali inayotaja fungu. Au apewe kasma yake ndani ya fungu la wizara pamoja na idhini ya maandishi ya kuidhinisha matumizi hadi kiwango kilichotajwa. Njia ya tatu, ile ya "tutamsaidia atakapohitaji", haijawahi kufanya kazi popote.

Jambo la pili ni jalada, na hapa ndipo watu wa sekta binafsi huumia bila kujua. Serikalini uamuzi ni kile kilichoandikwa kwenye jalada. Kikao kinaweza kuafikiana, waziri anaweza kukubali kwa simu, ujumbe unaweza kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la menejimenti. Mkaguzi atakapokuja mwaka mmoja baadaye, ataomba jalada.

Dokezo, yaani andiko la ndani la kuomba uamuzi, lina sehemu zake likitaka kupita. Aya zina namba, ili mkubwa aweze kuandika pembeni "aya ya 4 nakubali, aya ya 5 tujadiliane". Kila hoja inataja folio, yaani namba ya waraka ndani ya jalada, ilikotoka: barua ya mwombaji folio 12, maoni ya mwanasheria folio 17, uthibitisho wa fedha kutoka uhasibu folio 19. Kisha huja mambo mawili au matatu yanayowezekana, faida na hasara ya kila moja, na pendekezo moja lililo wazi. Mwisho jina, cheo, sahihi na tarehe. Dokezo lisilo na uthibitisho wa fedha hurudi, na lisilo na maoni ya mwanasheria pale penye mkataba hurudi pia. Dokezo lenye kurasa tisa halirudi, ila halisomwi, linalala. Masijala, ofisi inayotunza majalada, nayo ina kazi yake: jalada linaandikiwa tarehe ya kurudishwa mezani, na asiyeiandika tarehe hiyo hataliona tena mpaka alitafute.

Kwa hiyo kabla ya mtaalamu kuanza, apewe wiki mbili za mafunzo ya lazima: kanuni za utumishi, sheria ya fedha, sheria ya manunuzi, na uandishi wa madokezo. Aandike madokezo matano ya mfano, na ofisa mwandamizi wa utawala ayasahihishe. Ni gharama ndogo mno ukilinganisha na hoja moja ya ukaguzi. Apewe pia katibu msaidizi aliyekulia serikalini, wa miaka 15 au zaidi kazini, asiyetafuta cheo cha mtaalamu huyo. Mtu wa namna hii anajua nani huko Hazina anashughulikia fungu lenu na barua ipi inahitaji sahihi ya nani. Ningeambiwa nichague kati ya kumwongezea mtaalamu mshahara na kumpa msaidizi huyo, ningechagua msaidizi bila kusita.

Mshahara

Makatibu walioletwa Kenya 1999 walilipwa kwa mpango maalumu ulioungwa mkono na wafadhili, kwa viwango vilivyowazidi mno makatibu wenzao. Mfumo huo una kasoro mbili kubwa. Kwanza, mfadhili akisitisha msaada, nafasi inakufa hata kama kazi inahitajika. Pili, kila ofisa aliye chini anajua kiasi hicho, na uelewano unaharibika kabla kazi haijaanza.

Tanzania ilijaribu njia tofauti. Mpango wa mwaka 2000 wa kupandisha haraka mishahara ya nafasi chache teule, uliojulikana kwa ufupi kama SASE, ulikusudia kuwabakisha wataalamu wa ngazi za kati na juu. Ulikwama kwa kuwa haikuwezekana kumweleza ofisa wa dawati la pili kwa nini wa dawati la kwanza amepata nyongeza na yeye hakupata. Wizara zikasita kuwateua watu, na walioingizwa wakawa wachache kuliko walivyokusudiwa.

Mamlaka za mapato zilikwenda mbali zaidi. Uganda ilianza na URA 1991, Kenya ikafuata na KRA 1995, na TRA ikaanza kazi 1 Julai 1996. Hizi zilitolewa kabisa kwenye ngazi za mishahara ya serikali. Kwa upande wa TRA, watumishi wa idara za zamani za kodi walitakiwa kuomba kazi upya, na zaidi ya theluthi moja yao hawakurudishwa. Huu ndio mfano mzuri wa kuandaa nafasi kwanza: sheria, bodi, bajeti, mishahara, kisha watu. Ila yaliyoharibika nayo yasifichwe. Viwango vya mshahara vya TRA viliwekwa juu mwanzoni, kisha vikaachwa palepale miaka kadhaa huku bei zikipanda, na nguvu yake ikayeyuka. Na baadhi ya walioachwa nje wakawa washauri wa kodi wa makampuni: wanaijua sheria, wanawafahamu waliobaki ndani, na sasa wanalipwa na upande wa pili. Anayepanga kupunguza watu aitie hesabuni gharama hiyo.

Ninachokipendekeza ni mshahara wa ngazi iliyopo ya serikali, pamoja na posho ya utaalamu adimu iliyochapishwa wazi. Kiwango chake kiwekwe na chombo cha mishahara, kwa Kenya ni Tume ya Mishahara na Marupurupu, na kipatikane pia kwa mtumishi wa ndani mwenye utaalamu uleule. Hili la mwisho ndilo linaloondoa kinyongo. Kiangaliwe kila mwaka. Kiinua mgongo kwa mkataba Kenya huwa asilimia 31 ya mshahara wa msingi. Kilipwe kwa sharti la kumaliza muda na kukabidhi ofisi.

Kuna kitu kidogo kinachovunja makubaliano dakika ya mwisho, hasa kwa watu wa benki: mikopo. Mfanyakazi wa benki huwa na mkopo wa nyumba kwa riba nafuu ya wafanyakazi. Akiacha kazi, riba inapanda hadi ya soko, na marejesho ya kila mwezi yanaweza kumeza posho yote uliyomwahidi. Swali hili liulizwe kabla ya usaili wa mwisho. Suluhisho linaloonekana rahisi, la kumwacha abaki mwajiriwa wa benki akiwa likizo bila malipo, silikubali kwa nafasi yoyote inayogusa sekta ya fedha. Mtu hawezi kusimamia benki inayomshikia kiti chake.

Mlango wa kuingilia

Kenya ilijifunza, na Katiba ya 2010 imeweka mlango. Kwa ibara ya 155, Rais huteua makatibu kutoka miongoni mwa watu waliopendekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma, kisha Bunge la Taifa huidhinisha. Mwaka 2022 waliomba zaidi ya watu 9,000, wakaitwa kwenye usaili 477, na Rais akawateua 51. Mtu yeyote kutoka nje ana njia ya kuomba. Udhaifu ni kwamba tangazo moja linahusu wizara zote. Tume inatafuta makatibu kwa ujumla, haitafuti mtu wa afya au mtu wa nishati. Usaili wa mamia ya watu hauwezi kupima utaalamu wa ndani, na mwisho jina linapangiwa wizara kwa hesabu nyingine kabisa.

India imepata tatizo la aina yake, na sisi wenye hesabu za mikoa, makabila na Muungano tuliangalie kwa makini. Juni 2018 serikali ya huko ilitangaza nafasi 10 za ngazi ya tatu kutoka juu wizarani kwa watu wa nje, wenye umri usiopungua miaka 40 na uzoefu wa miaka 15, kwa mkataba wa miaka 3 unaoweza kufika 5. Waliomba 6,077, wakachaguliwa 9. Kufikia Agosti 2024 walikuwa wameshateuliwa 63 kwa njia hiyo. Tarehe 17 Agosti 2024 zikatangazwa nafasi nyingine 45, na tarehe 20, siku tatu baadaye, serikali ikaagiza tangazo lifutwe. Sababu ni kwamba kila nafasi ilihesabiwa peke yake, na nafasi moja haigawiki, kwa hiyo mgawo wa kikatiba kwa matabaka yaliyobaguliwa haukuhusika. Nafasi 10 ziliweza kupita. 45 kwa mkupuo hazikuweza, wapinzani na hata washirika wa serikali walisimama. Kanuni ya uwiano ilipaswa kuandikwa kabla ya tangazo la kwanza la 2018. Kwetu pia: kama nafasi za wataalamu wa nje zitakuwa 12, isemwe mapema zitahesabiwa kama kundi moja au la, na ndani ya kundi hilo uwiano ni upi.

Korea Kusini ilifungua hadi asilimia 20 ya nafasi za juu kwa ushindani wa nje kuanzia 2000. Kwa miaka ya mwanzo nafasi nyingi zilichukuliwa na walewale waliokuwa ndani. Tangazo kuwa wazi hakutoshi ikiwa malipo, muda na vigezo vya usaili vimekatwa kwa kipimo cha mtu wa ndani.

Vigezo ndivyo vinavyohitaji jasho. "Shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka 10 katika uongozi" hakimpimi mtu yeyote. Andika kazi yenyewe: kwa mfano, amewahi kusimamia mkataba wa ujenzi au wa mfumo wenye thamani fulani tangu zabuni hadi makabidhiano, na alikuwa anasaini yeye. Wape waliobaki watano jalada halisi lililofichwa majina, saa nne, na waandike dokezo. Nusu ya waliong'ara kwenye mazungumzo watapotea hapo, na ni afadhali wapotee hapo.

Wangapi, na wapi

Kuwaweka wa nje juu kabisa ndilo kosa la 1999 ambalo tungali tunalirudia. Katibu Mkuu anahitaji zaidi kuijua serikali kuliko kuijua sekta. Mtaalamu wa nje anafaa zaidi ngazi ya mkurugenzi wa idara, au mkuu wa kitengo chenye kazi inayopimika: TEHAMA, usimamizi wa miradi, uchambuzi wa mikataba ya madini na gesi. Aje na wenzake wawili au watatu wa ngazi ya chini yake, maana peke yake atamezwa. Ila kazi ikiwa ya miezi michache, usiunde nafasi. Majadiliano kama yale ya Tanzania na Barrick, yaliyoisha kwa kampuni ya Twiga na hisa za serikali za asilimia 16, yanahitaji mwanasheria na mchambuzi wa hesabu za migodi kwa mkataba wa kazi maalumu.

Kumbuka ngazi iliyo chini. Mkurugenzi mmoja anapoletwa kutoka nje, mkurugenzi msaidizi hapandi, na aliye chini yake hapandi, na aliye chini ya huyo. Uteuzi mmoja unafunga njia ya watu watatu au wanne waliokuwa wakisubiri kwa miaka. Wakurugenzi wa nje wakizidi mmoja kati ya watano katika wizara, tegemea barua zisizo na majina, majalada yanayopotea na maofisa hodari wanaoomba uhamisho. Dawa yake ni nafasi ya mtaalamu kuwa mpya, yenye tarehe ya kufa kwenye muundo, badala ya kuchukua nafasi iliyokuwa ya kupandishwa cheo.

Kutoka

Mkataba useme atakavyotoka tangu siku anayoingia. Kwa Tanzania, kiongozi anayebanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 anatamka mali na madeni ndani ya siku 30 tangu kuteuliwa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Kwa mtu aliyetoka kwenye kampuni, fomu hiyo haitoshi. Iongezwe orodha ya wateja wake wa miaka 3 iliyopita na mambo ambayo hatayagusa, na orodha hiyo ikae kwenye jalada la wizara ili kila anayemletea dokezo aijue. Hisa ziuzwe au zikabidhiwe kwa mdhamini asiyepokea maelekezo yake. Baada ya kuondoka, asiende kushawishi wizara aliyoitumikia kwa miaka 2, muda ambao Uingereza huutumia kwa maofisa wake wa juu. Kusitishwa kwa mkataba kuwe kwa notisi ya miezi 3 na sababu za maandishi, nakala kwa tume ya utumishi. Sharti hili halimzuii Rais kumwondoa mtu, linamlazimu tu aliyeshauri aondolewe aweke jina lake chini ya sababu.

Siku 90 za mwisho mtaalamu asianzishe kitu kipya. Akabidhi hati za makabidhiano zenye mikataba inayoendelea na tarehe zake za kuisha, madai na madeni, hoja za ukaguzi ambazo hazijajibiwa, nywila na leseni za mifumo zikiwa kwa jina la wizara, na orodha ya majalada kwa namba. Ofisa anayepokea awe ameshateuliwa na ameshakaa naye angalau siku 30 kati ya hizo, akisaini pamoja naye kila dokezo. Kiinua mgongo kitoke baada ya mkaguzi wa ndani kuthibitisha kwamba kila namba kwenye orodha ile ina jalada lake masijala.